Matundu Niliyomsifia Kaka Yangu

Nimefanyiwa ngiri mara mbili. Ya kushoto nilipasuliwa kwa kisu hapa hapa Karatu, mpasuko wa wazi unaoonekana mpaka leo. Ya kulia nilitobolewa matundu matatu tumboni, wakaingiza kamera, katika hospitali kubwa iliyo mwendo wa kutwa kutoka kwetu. Ndiyo maana wazee wenzangu wa Endabash wakianza kutembea wamejishika kinena huja kwangu kuniuliza ipi nzuri. Siku hizi silijibu swali hilo upesi. Niliwahi kumjibu upesi kaka yangu Lohay, na jibu lile nusura limuue.

Naandika nikiwa nimechoka, sifichi. Mambo haya yalianza kabla ya mvua za elinino na yakaisha muda mrefu baada ya lami kupita Karatu kwenda Ngorongoro. Muda wote huo nilikuwa ama mgonjwa, ama napona, ama namwangalia mtu mwingine akiumwa ugonjwa wangu.

Ngiri ya kwanza ilianza kama uvimbe mdogo uliokuwa ukitoka nikisimama na kurudi nikilala. Niliufunga kwa kipande cha blanketi chini ya suruali, nikaendelea kulima. Aliyejua ni mke wangu tu, Mama Resti. Ugonjwa wa sehemu zile mtu hautangazi, maana kesho yake wenzako kilabuni watakupa jina. Mvua zilipokuja barabara yetu ikawa tope tupu, na hata ningetaka kwenda hospitali nisingefika. Nilikaa nyumbani masika yote nikisikiliza mvua juu ya bati na kuusukuma uvimbe ndani kwa kiganja.

Barabara ilipokauka, Lohay ndiye aliyenipeleka, mimi nimelala kwenye tela la trekta juu ya magunia. Lohay ni mkubwa wangu kwa miaka sita. Ujanani aliugua TB, akapona, lakini kifua hakikurudi kama zamani. Akipanda mlima husimama mara tatu, na akicheka hucheka kwa kukohoa.

Walinichoma sindano ya mgongo. Miguu ikapotea, kichwa kikabaki. Nilisikia vyuma vikigongana kwenye sahani, nilimsikia daktari akiniuliza nina ng'ombe wangapi, nikamjibu. Nilikuwa pale. Wakati ule sikuliona kuwa jambo la maana, maana akili yangu yote ilikuwa kwenye maumivu yatakayokuja, na yalikuja kweli. Ganzi ilipoisha, kukohoa kukawa adhabu. Kupiga chafya kuliniliza. Kuteremka kitandani kulikuwa kazi ya robo saa. Siku ya tatu korodani zilivimba zikawa nyeusi, na nilidhani zimeoza mpaka muuguzi aliponiambia ni damu tu iliyoteremka, itaisha yenyewe.

Aliyenisafisha ni Lohay. Mke wangu alikuwa na watoto na mifugo nyumbani, na binti zangu haikuwafaa kuona. Kaka yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, alichovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu na kuniosha. Alikuwa akitazama dirishani huku mikono ikifanya kazi. Namshukuru kwa kutazama dirishani kuliko ninavyomshukuru kwa maji.

Nyumbani walikuja wageni. Kwetu mgonjwa wa operesheni huonyesha kidonda. Watu huingia, hukaa, hunywa chai, kisha mkubwa wao husema, "Hebu tuone walivyokufanya." Mama Resti alikunja shuka kwa adabu, akaonyesha nyuzi tu, na watu wakaguna. Baada ya kuguna hivyo hakuna aliyenitegemea kwa kazi yoyote. Miezi mitatu sikubeba hata ndoo. Lohay alichukua maksai wangu wawili na wake wawili, akalima shamba lake na langu, huku mimi naota jua uani kama mwali. Nilimsikia akikohoa nyuma ya plau kutoka upande wa pili wa korongo. Msimu huo ndipo ngiri yake yeye ilipoanza, ila hakusema.

Miaka minane ikapita. Nikiwa na miaka sitini na sita, mwaka wa ukame na mgao wa umeme, upande wa kulia nao ukatoka. Nilipokwenda kliniki niliambiwa kuna madaktari wageni wanakuja hospitali kubwa na mashine ya kamera, na kwamba wanaofaa watapasuliwa kwa matundu, bila mpasuko. Nilikumbuka ile miezi mitatu uani. Nikasema niandikwe.

Tulisubiri siku tatu kwa sababu ya umeme. Daktari hakutaka kuanza kazi ya kamera halafu giza liingie katikati, na jenereta lilikuwa linatengenezwa. Kila jioni niliambiwa nisile wala nisinywe. Kila siku saa sita mchana muuguzi alipita akasema, "Wazee, kuleni, leo haiwezekani." Mama Resti alikaa kwenye korido na chupa yake ya uji, akiifungua na kuifunga. Kwenye kitanda cha jirani alikuwa mzee wa Kimaasai kutoka Piyaya, aliyekuwa akitibiwa mguu. Aliniuliza naumwa nini. Nilipomwambia alifikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo wanakufungisha wewe, wakati mwenye njaa ni mashine." Nilicheka, na kucheka kukaniuma.

Siku ya nne umeme ukakaa. Wakanilaza, sindano ikaingia mkononi, na hapo kumbukumbu yangu inakatika. Inaanza tena kesho yake jioni. Siku ile na zaidi iliyo katikati nilisimuliwa na mke wangu, na siku tuliyotoka hospitali nilimwomba asimsimulie mtu mwingine. Alinitazama muda mrefu, akakubali. Nitaieleza hapa itakapofika mahali pake.

Mwili wenyewe, nisiupunje, ulikwenda vizuri. Bega liliniuma ajabu kwa siku mbili, eti ni hewa waliyonijaza tumboni. Mkojo uligoma, nikawekewa mpira. Lakini kinena kilikuwa chepesi. Nilikohoa bila kushika kitanda. Tuliteremka kwenye gari pale njia panda, nikatembea mwenyewe mpaka nyumbani, na wiki ya tatu nilikuwa napalilia.

Wageni wakaja tena kuona kidonda. Safari hii Mama Resti hakuwa na la kuonyesha ila plasta tatu, kila moja ya upana wa kidole. Watu waliinama kuziangalia. Jirani yetu mmoja, mama mwenye mdomo, akasema, "Hii ni operesheni, au amepita kwenye miiba?" Wakacheka, na nikaona kabisa hawaamini kama nimeumwa. Kwetu ugonjwa hupimwa kwa kidonda, na mimi sikuwa nacho.

Ningeweza kunyamaza. Badala yake nikaanza kujisifu. Nikaeleza televisheni niliyoiona chumbani kabla ya kulala, madaktari wageni, wavu waliouweka ndani bila kunipasua. Nikawaambia kisu ni mambo ya zamani. Nilikuwa najifuta aibu ya ile miezi mitatu ya kuota jua, na nilifurahi jinsi sauti yangu ilivyosikika.

Lohay alikuwa amekaa karibu na mlango. Akaniuliza, "Kwa hiyo hukusikia kitu?"

"Sikusikia kitu, kaka. Unalala, unaamka, umepona."

Mama Resti alitoka nje na birika ambalo bado lilikuwa na chai.

Watu walipoondoka, Lohay alifunga mlango, akafungua mkanda wake na kunionyesha. Ngiri yake ilikuwa imeteremka, kubwa kuliko zangu zote mbili, ameifunga kwa mpira wa tairi uliomchubua ngozi. Nilishtuka. Nikamwambia twende Karatu wiki hiyo hiyo.

"Karatu ni kwa kisu," alisema. "Mimi niliona ulivyolia, ni mimi niliyekuosha. Nani ataniosha mimi? Wewe umeshanionyesha njia. Nitawasubiri hao wa matundu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Sikusema. Nilimwambia ni sawa, watarudi mwakani.

Mwaka wa kusubiri ni mrefu. Vuli ilikuja akalima kwa mpira wa tairi. Masika yalikuja akaanza kukaa chini katikati ya mtaro, akisingizia maksai wamechoka. Kila alipokohoa alikandamiza kinena kwa mkono. Kisha siku moja, baada ya ibada ya Pasaka, uvimbe ulitoka ukakataa kurudi. Ulikuwa mgumu, na yeye akawa anatapika na kutokwa jasho la baridi. Tulimlaza, tukamwinua miguu juu ya gunia la mahindi, nikatuma watu wakatafute gari. Kabla gari halijapatikana uvimbe ulilegea, ukaingia. Niliketi sakafuni pembeni yake. Nilijua safari nyingine huenda usiingie, na utumbo ukioza ndani hakuna matundu wala kisu kitakachosaidia.

"Twende Karatu, kaka," nilimwambia.

"Nimesubiri mwaka. Siwezi kushindwa kusubiri miezi mitatu."

Madaktari wa kamera waliporudi nilimpeleka mwenyewe. Tulikaa kwenye benchi kuanzia asubuhi. Lohay alivaa koti lake la kanisani na kujibu maswali yote kwa heshima, kama mtu anayeomba kazi. Daktari wa usingizi alimweka kifaa kifuani, mbele na nyuma, akamwambia avute pumzi, akarudia. Kisha akakaa.

"Mzee wangu," alisema, "kazi hii ya matundu lazima nikulaze usingizi mzito kabisa, na tumbo lijazwe hewa. Kifua chako hakitaki. Rudini kwenu, wakuchome ganzi pale pale kwenye kinena, wakupasue ukiwa macho. Kwako wewe hiyo ndiyo salama. Na msikawie."

Lohay alifunga vifungo vya shati kimoja kimoja. "Kisu tunacho nyumbani, daktari," alisema. "Sikuja kukifuata huku."

Njiani kurudi tulianza kupanda kuelekea Karatu, magari ya watalii yakitupita kwenda kreta ya Ngorongoro. Ndipo akasema bila kunigeukia, "Wewe walikupa mashine. Mimi wameniona mzee wa kutupwa." Niliona machozi yake, nikatazama dirishani.

Wiki mbili alikataa kuzungumzia hospitali. Mke wake alimwomba, mchungaji alikuja, watoto wake walipiga simu kutoka Arusha. Aliwaambia wote jibu moja, kwamba akifa na ngiri yake ni afadhali kuliko kupewa makombo.

Ni Mama Resti aliyenikamata. Alikuwa anachambua maharage ya ngwara kwenye ungo, akauweka chini.

"Baba Resti, mwaka mzima nimekutunzia siri yako. Nimechoka nayo. Shemeji yangu anakufa kwa sababu anadhani kule ulikwenda kulala usingizi wa mtoto. Ama umwambie wewe, ama nitamwambia mimi leo hii."

"Ni aibu, mama."

"Aibu niliibeba mimi. Wewe hukuwepo."

Nilikwenda. Ilikuwa Agosti, upepo unapeperusha vumbi jekundu, na Lohay alikuwa kwenye kiwanja chake anapura maharage akiwa ameketi, kwa fimbo fupi, maana kusimama kulishamshinda. Nilikaa kwenye maganda karibu naye.

"Kaka, nilikudanganya."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu kulala na kuamka."

Hakuiacha fimbo, ila alipunguza kupiga. Nikamwambia yote. Nikamwambia kwamba niliamka nisijue niko wapi. Niliiona wodi kuwa ni nyumba ya baba yetu ya zamani, na yule mzee wa Piyaya, mtu aliyenifanyia utani siku tatu, nikamwona amekuja kuchukua ng'ombe. Nilimtukana. Nilivuta mpira wa mkojo mpaka damu ikatoka. Mke wangu alipokuja akaniambia, "Mimi ni mkeo," nilimjibu kwamba mimi ni kijana, sijatoa mahari kwa mtu, aondoke. Alilia mbele ya wodi nzima. Kisha nikaanza kumwita mama, kwa Kiiraqw chetu, kwa sauti ya kitoto, mimi mwenye miaka sitini na sita, kati ya wanaume. Nilimwita kutwa. Mzee wa Piyaya aliteremka kitandani na mguu wake mbovu, akaja kunishika miguu nisianguke, huku akinijibu Kimaasai taratibu mpaka nikatulia.

"Na baada ya hapo?" Lohay aliuliza.

"Nilirudi kesho yake jioni. Lakini si wote. Mwezi mzima nilikuwa naamka nyumbani natafuta mlango upande usio na mlango. Nilisahau majina ya ng'ombe. Ulidhani ninafanya mzaha siku ile nilipokuuliza yule mwekundu ni wa nani."

"Nilidhani mzaha."

"Haukuwa mzaha. Na mimi nina kifua kizima, kaka. Daktari hakukuona wa kutupwa. Alikuwa anaogopa kukupoteza humo."

Fimbo ilisimama. Upepo ulipita ukachukua maganda, naye akayatazama yanavyokwenda. Mama yetu alikufa mimi sijaoa, na Lohay ndiye aliyekuwa naye siku hiyo. Mimi nilikuwa mbali.

"Alikuja?" aliniuliza.

"Nani?"

"Mama. Ulipomwita kutwa."

"Nilipozinduka nilimwona amekaa kando ya kitanda, ananishika mkono. Alikuwa Mama Resti."

Kaka yangu alijifuta uso kwa kiganja chenye vumbi. Nikaogopa kwamba nimesema vibaya, kwamba sasa atakataa vyote viwili.

"Mimi sitaki kupotea mpaka nitafutwe," alisema mwishowe. "Nataka niwepo. Hebu niambie tena habari za kisu. Safari hii bila uongo."

Nikamwambia. Utakohoa na itauma, na wewe unakohoa sana, kwa hiyo tutakupa mto uukandamize kila kikohozi kikikujia. Utavimba uwe mweusi, usiogope. Utakaa uani miezi, na watu watakuja kuona kidonda, waonyeshe. Nitalima mimi.

"Na kuosha?"

"Nitakuosha mimi."

"Utazame dirishani," alisema.

Kwa mzee mwenzangu unayesoma haya, sikuambii kisu ni bora kuliko matundu. Kinena changu cha kulia hakijawahi kuniuma tena, na cha kushoto kikipigwa na baridi ya Julai nakisikia mpaka leo. Kijana wangu akiugua nitamwambia atafute matundu. Ninachokuambia ni kwamba uulize watakulazaje, sio watakukataje tu. Mwambie daktari habari za kifua chako na moyo wako hata asipouliza. Mwambie mkeo kwamba unaweza kuamka humjui, ili asilie peke yake kwenye korido. Na ukirudi nyumbani, usimhadithie ndugu yako nusu.

Tulikwenda Karatu wiki iliyofuata. Walimwingiza asubuhi. Mlango wa chumba cha upasuaji haukufunga vizuri, na benchi letu lilikuwa karibu, kwa hiyo nilimsikia. Alilalamika chumba kina baridi. Alimuuliza daktari ni mtoto wa nani na kwao wanalima nini. Alisema anasikia wanamvuta lakini hasikii uchungu, na kwamba hilo ni jambo la ajabu. Nilimsikia akimweleza muuguzi kwamba mdogo wake aliye nje ni mwongo sana, lakini akitubu hutubu vizuri. Alikohoa, akaambiwa atulie, akanyamaza, kisha akaanza tena habari za maksai.

Alizungumza mle ndani kuliko alivyozungumza nami mwaka mzima. Mama Resti alinimiminia uji, sikuweza kuunywa. Kila aliponyamaza nilisimama. Kila aliposema tena, nilikaa.